Tarumbeta la Baba Mkwe na Koki Niliyoifunga Mwenyewe

Jumapili, 8 Septemba

Nimekabidhiwa tarumbeta. Mimi! Si Mashavu. Mimi!

Mama mkwe kalileta mwenyewe, limeviringishwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ni la marehemu baba mkwe. Kila binti wa nyumba ile alipoolewa, mzee alisimama nje ya mlango akapuliza wimbo alioutunga yeye mwenyewe, mama mkwe akauimba, na bi harusi akatoka. Mzee kafariki miaka sita sasa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa, na hatujamsikia mama mkwe akiimba tena, hata akiwa peke yake jikoni.

Jumamosi binti yangu anaolewa. Binti wa pekee. Mama mkwe kasema anataka mjukuu wake atoke kwa sauti ya tarumbeta lile lile. Machozi yalimlengalenga. Kanishika mkono, kaniambia mwanangu, nakukabidhi.

Nikamwambia aondoe shaka, liko mikononi mwa fundi.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Kasema hapo hasa ndipo shaka yake inapoanzia. Eti yeye na binti walishamfikiria Mashavu. Mashavu ni kinyozi wa mtaani kwetu na ndiye mpuliza tarumbeta wa kwanza katika bendi yetu. Mimi ni wa tatu. Tuko watatu.

Hukumu ya mke wangu: Ijumaa saa sita mchana tarumbeta lisipotoa sauti ya maana, atapuliza Mashavu kwa tarumbeta lake, na asisikie neno. Nimekubali. Siku tano! Hata nyumba ya ghorofa naitandika mabomba kwa siku tano.

Nimekula vizuri sana.

Jumatatu, 9 Septemba

Asubuhi nimejifungia karakanani. Karakana yangu iko nyuma ya jiko. Benchi moja, jiriwa moja ya kubania, masanduku ya koki na elbo za kona na yunioni za kuungia, kila kimoja mahali pake, ila vile visivyokuwa na mahali.

Nimeliweka tarumbeta kwenye benchi nikalitazama. Jamani, hiki ni kitu gani? Ni bomba! Bomba la shaba lililokunjwa, lina vali tatu katikati za kubonyeza kwa vidole. Miaka thelathini nafanya kazi ya bomba. Mashavu ananyoa vichwa. Sasa nani kati yetu anayelijua tarumbeta?

Basi nimeamua. Sitalisafisha tu. Nitaliboresha.

Nimechomoa vali zote tatu, nikazitia kwenye ndoo ya maji moto na siki. Zimetoka zinameremeta. Juu ya kila moja nimekuta kitarakimu kidogo kimechongwa: 1, 2, 3. Sijui nani aliona hicho ni kitu cha kuchongwa juu ya shaba nzuri vile. Vinaharibu sura. Nimevisugua kwa msasa mpaka vikaisha.

Nikapaka mafuta, nikazirudisha, nikajaza kifua, nikapuliza.

Kimya. Si sauti mbaya. Kimya! Nimepuliza mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Pumzi inaingia, haitoki. Na hiyo fundi bomba yeyote duniani atakuambia maana yake. Limeziba.

Jumanne, 10 Septemba

Limeziba, na kwa kuziba nina dawa. Nimeingiza waya wa kuzibulia mabomba. Ukaingia vizuri, ukapita kona ya kwanza, ukafika kona ya pili, ukanasa. Nimevuta. Nimezungusha. Nimeubembeleza. Nimeutukana. Haukuja mbele wala haukurudi nyuma.

Sasa kulikuwa na njia mbili. Kumwomba mtu msaada, au msumeno.

Nimelikata bomba kwenye lile pindo la pembeni. Mke wangu kapita nje, kauliza huo mlio wa msumeno ni wa nini. Nikamwambia nalegeza sauti. Kasema haya, kwa namna ile anayosema haya.

Ndani ya bomba hapakuwa na kitu. Hapakuwa na uchafu, hapakuwa na mdudu, hapakuwa na hata vumbi. Palikuwa na waya wangu tu. Nimechungulia pande zote mbili kwa tochi. Safi kuliko sufuria za mke wangu. (Ukurasa huu asiuone mtu.)

Kutoa waya imebidi nikate tena. Sasa tarumbeta la baba mkwe liko vipande vitatu, na halijaziba, na halitoi sauti. Sielewi. Nimeoga, nimekaa barazani, nimetabasamu kwa kila aliyepita.

Jumatano, 11 Septemba

Balaa. Saa nne asubuhi mama mkwe kafika. Kaja na kiti chake. Kakiweka nje ya mlango wa karakana, kakaa, kasema hana haraka, anataka kusikia kidogo tu, hata sauti moja, roho yake itulie.

Vipande vitatu viko kwenye jiriwa! Nikapiga kelele kupitia mlango kwamba shikamoo mama, asifungue, kuna mafuta sakafuni atateleza. Macho yakatembea karakana nzima. Mpira wa kumwagilia maua. Faneli ya mafuta ya taa. Na kile kidomo cha tarumbeta, kizima.

Kidomo nikakichomeka upande huu wa mpira, faneli upande ule, nikapuliza ubeti mmoja wa wimbo wa mzee. Ulitoka! Mpira wenyewe hauna vali, kwa hiyo sauti nyingine niliziruka tu, lakini ulitoka.

Nikasikia anapenga kamasi. Kisha kasema kwa sauti ndogo kwamba ndivyo hivyo hivyo alivyopuliza marehemu akiwa na mafua. Kabeba kiti chake kaondoka ameridhika.

Roho iliniuma. Kama dakika tatu hivi. Kisha nikaanza kufikiri kama mpira wa maua unaweza kupakwa rangi ya dhahabu.

Mchana nimepata wazo bora. Nitakwenda kwa Mashavu, nijifanye nataka kunyolewa, nimchimbe. Kutoa siri kwa Mashavu si kazi. Kazi ni kumnyamazisha. Nikakaa kwenye kiti, kanifunga shuka shingoni, tarumbeta lake limetundikwa ukutani linang'aa kwa kiburi. Nikamwuliza, kama mtu anayepitisha muda, kwamba nina rafiki yangu ambaye alisafisha tarumbeta likakataa kutoa sauti, sababu yaweza kuwa nini?

Mashavu kacheka mpaka mashine ikamtetemeka mkononi. Kasema huyo rafiki yangu amebadilisha vali. Eti kila vali ina nyumba yake, ikiingia nyumba ya mwenzake matundu hayakutani na pumzi haipiti. Ndiyo maana, kasema, wametuchongea tarakimu, hata mtoto wa chekechea hawezi kukosea. Labda azisugue!

Nikaruka kwenye kiti. Nimeruka wakati mashine iko juu ya sikio. Ikapita njia moja kwa moja mpaka utosini, pana kama vidole viwili.

Mashavu kaomba radhi, kasema dawa ni moja tu. Sasa nina upara. Siku tatu kabla ya harusi ya binti yangu nina upara, na nimekata tarumbeta zima lisilokuwa na kasoro. Mke wangu kaniona naingia. Kafunika mdomo kwa upande wa nguo, kaenda chumbani, na kitanda kikasikika kinacheka.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepiga moyo konde. Tangu asubuhi niko kazini, mlango nimeufunga kwa komeo.

Kipande cha katikati kilikuwa kimebondeka kwa kule kuvuta waya, nikakitupa. Nikachukua bomba langu la shaba, la unene ule ule. Nina mazoea yangu ya kazi: hukata bomba refu kuliko kipimo, kisha napunguza taratibu mpaka likae. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo ninavyofundisha. Nikakata refu kwa kiganja kizima. Nikaliunga kwa elbo mbili, nikachoma kwa moto wa gesi, risasi ya kuungia ikayeyuka ikazunguka vizuri kama pete. Muungo mzuri kuliko yote niliyowahi kuifanya. Nimeutazama nusu saa nzima kwa raha, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba sijapunguza kile kiganja.

Kuufungua muungo ule? Ningekuwa sina akili. Umebaki.

Kwa kuwa mkono ulikuwa umechangamka, nimeongeza na langu. Wapuliza tarumbeta wote wana taabu ya mate. Yanajaa ndani, sauti inakoroma kama sufuria ya uji, mpaka ubonyeze kile kidude kidogo chenye kizibo cha mpira, yatoke. Kidude cha mzee kilishaoza. Nimekitoa nikafunga koki. Koki ndogo, ya kweli, ina kishikio cha kuzungusha. Mashavu hana koki!

Kisha vali. Tatu, nyumba tatu, tarakimu hakuna. Nimejaribu mpangilio wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, wa nne, wa tano, kimya. Wa sita na wa mwisho, tarumbeta likalia mpaka mbwa wa jirani akaingia uvunguni mwa gari.

Lo! Nimelia kidogo. Nikalikumbatia likiwa bado la moto. Nina alama kifuani. Si neno.

Ijumaa, 13 Septemba

Saa sita kamili. Bendi nzima imekuja uani kufanya mazoezi. Mke wangu kasimama mlangoni amekunja mikono, binti yangu kando yake. Nikalitoa tarumbeta kwenye taulo. Kiongozi wa bendi, ambaye ni seremala na mtu wa adabu, kaizunguka ile koki mara mbili, kauliza hii ni ya maji moto au baridi.

Tukaanza. Jamani. Wao wakaenda juu, mimi nikabaki chini. Nikabonyeza zile zile wanazobonyeza wao, lakini kila sauti yangu ilitoka chini ya yao, kama mtu anayejaribu kupanda kitandani na godoro linamkimbia. Yule wa ngoma kubwa kaacha kupiga, kaangalia miguuni mwake.

Mashavu kasema tarumbeta limekuwa refu. Kasema bomba likirefuka sauti inashuka, hilo si jambo la kubishana. Kiganja changu kile! Nikasema wao ndio wako juu mno, washuke. Kiongozi kasema kwa upole kwamba bendi nzima haiwezi kushuka.

Mke wangu kasema saa sita imepita. Mashavu atapuliza. Sikuweza kubisha, ni mimi niliyekubali.

Binti yangu kaja kanipapasa upara, kasema baba, usijali, utapuliza siku nyingine. Siku ipi? Nina binti mmoja. Niliumia. Naandika hivi hivi bila kuremba: niliumia. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni. Kalichukua tarumbeta, kapitisha kidole kwenye muungo mpya, karudisha bila kusema lolote. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na huzuni. Mpaka saa tisa nilikuwa na mpango. Nimempigia simu msimamizi wa bwana harusi. Nimemwambia kwamba kwa heshima ya ukoo wetu, upande wa mume unapaswa kuja umenyolewa upya, na kinyozi wa mtaa wetu, asubuhi ile ile ya harusi. Wote kumi na wawili. Kashukuru sana kwa kumjulisha, alikuwa hajui. Angejuaje? Nilikuwa nimeitunga sasa hivi.

Mashavu hawezi kukataa kichwa. Na akinyoa anasimulia. Vichwa kumi na viwili kwa mdomo ule, hafiki mlangoni kwangu kabla ya saa saba. Wa kupuliza nani? Nimebaki mimi! Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika jioni, miguu iko ndani ya beseni.

Saa nne binti alikuwa tayari, kavaa, anameremeta. Saa nne na nusu Mashavu hayupo. Safi! Saa tano Mashavu hayupo, na bwana harusi naye hayupo. Hapo nikahesabu upya. Katika vichwa vile kumi na viwili, kimoja ni cha bwana harusi.

Mke wangu kapiga simu. Yuko kwa kinyozi, wa tisa kwenye foleni, kajibiwa kwamba hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyoagiza. Mke wangu kauliza kwa sauti ni nani katika ukoo huu aliyeagiza kitu hicho. Nikajifanya hamnazo. Nikakaza kishikio cha koki, ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

Saa tano na nusu binti akaanza kulia. Kasema bwana harusi ameghairi, hadithi ya kinyozi ni ya kumfariji tu. Akina shangazi wakambembeleza, wapi. Anatetemeka mlangoni na mavazi yake, na aliyesababisha ni mimi, baba yake, kwa ajili ya tarumbeta. Nilitaka ardhi inimeze na karakana yangu.

Mama mkwe kainuka. Kanitazama. Kasema mwanangu, puliza.

Nikasema mama, liko chini. Kasema puliza.

Nikaweka mdomoni nikapuliza. Fuuu! Kishikio nilichokuwa nikikichezea nilikuwa nimekifungua badala ya kukikaza. Pumzi yote ikatokea kwenye koki na mate yakamlowesha kiongozi wa bendi viatu. Watu wakacheka, hata binti kacheka katikati ya machozi. Nikafunga, nikaanza upya. Peke yangu. Bendi imenyamaza.

Ubeti wa kwanza ukatoka, mzito, wa chini. Katika ubeti wa pili mama mkwe akafungua mdomo.

Kaimba! Mwanzo kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu, kisha sawasawa, sauti yake na tarumbeta zikakaa pamoja, hakuna iliyomshinda mwenzake. Mke wangu kaangusha sahani ya maua. Hajaiokota. Binti kanyamaza, kakaa kwenye ngazi ya mlango na nguo yake yote nyeupe, kaegemea goti la bibi yake. Tulirudia wimbo mara ya pili. Mimi mwenyewe sikuwa naona vizuri, lakini vidole vilikuwa vinajua njia.

Mara ya tatu tukawaona wanakuja mbio barabarani, upande wa mume wote, mmoja amenyolewa nusu kichwa, na nyuma yao Mashavu na tarumbeta lake kwapani, nywele za watu zimemjaa suruali. Kafika, kasikia, kasimama. Hakulitoa tarumbeta kwapani. Binti yangu kainuka, kafuta uso, katoka kwa wimbo wa babu yake.

Baadaye mama mkwe kaniita pembeni. Kasema miaka yote hii amejaribu kuuimba ule wimbo akiwa peke yake, ukamshinda. Sauti yake imeshuka kwa uzee, wimbo umebaki kule juu alikouacha marehemu, akaona basi, umekwenda naye. Kauliza nilijuaje kwamba unatakiwa ushuke kiganja kimoja tu.

Nikamwambia nilipima.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Kasema haya. Lakini safari hii kaupapasa upara wangu, na kasema kwamba habari ya kinyozi tutaizungumza Jumapili.

Jumapili, 15 Septemba

Tumeizungumza.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku njema mno. Asubuhi kiongozi wa bendi kaja, viatu vimekauka. Kasema bendi imemwomba mama mkwe aimbe nayo Jumamosi ijayo, mama mkwe amekubali na ameshaanza mazoezi ya kukohoa. Kwa hiyo matarumbeta mengine mawili inabidi yashuke kama langu. Fundi wa kazi hiyo ni nani? Kaniangalia mimi.

Mashavu kaleta lake mwenyewe. Kaliweka kwenye benchi yangu kwa mikono miwili, kasema ndilo riziki ya moyo wake, na anaomba sana, sana, kama ndugu, vali nizitoe moja moja na niziweke kwa mpangilio. Nikamwambia akanyoe watu. Kasimama dirishani muda mrefu, kisha kaenda.

Tarumbeta zuri, sitakataa. Ila limetunzwa vibaya. Nimechomoa vali, na juu ya kila moja nimekuta vile vitarakimu tena, safari hii vikubwa zaidi kuliko vya mzee. Vinaharibu sura kabisa. Nimevisugua kwa msasa, sasa zinang'aa zote sawasawa, zinaoga pamoja kwenye ndoo moja.

Zilikuwa zimekaaje mwanzo? Sikuangalia. Si neno, vali ni vali. Nimeshaanza kukata bomba jipya la tarumbeta la Mashavu, na hili nimelikata refu zaidi kidogo, ili baadaye nilipunguze.